Saa Tisa Usiku, Kadutu

Kwanza nilidhani ni maharagwe ya jana.
Nikageuka upande, nikahesabu. Yakarudi.
Si maharagwe.

Mvua imekatika. Mlima mzima umelala,
bati juu ya bati,
na ukuta wetu ni mbao: jirani akipiga chafya
sisi ndio tunaomwambia "afya".
Kwa hiyo nauma ncha ya kikwembe
nisije nikatangazwa kabla sijajitangaza.

Kwenye simu nina inite za dakika nne.

Zihindula yuko Kamituga, ndani ya shimo au nje yake.
Simu yake inashika akipanda tu kilima,
na usiku hapandi kilima.
Nikimwambia sasa, maneno yatamngoja
kama mgeni kwenye mlango uliofungwa,
na atakapoyapata nitakuwa nimeshakuwa mtu mwingine.

Mama mkwe ni redio.
Simsemi vibaya, ana moyo laini kama mkate wa asubuhi.
Lakini ukimwambia yeye umeambia kikundi cha sala,
kikundi cha sala kimeambia kwaya,
kwaya imeambia Muhungu na Nguba,
na jua halijatoka, wamama saba wako uani
na chupa za chai, wanauliza njia imefunguka kiasi gani.

Mara ya kwanza nilifanya hivyo.
Nilipiga simu mpaka inite zikaisha nikicheka.
Habari ilishuka ngazi za Kadutu mbio, bila viatu.

Hakuna aliyeniambia
kwamba kuirudisha ni kwa miguu,
mlango kwa mlango, wewe mwenyewe,
maziwa yakivuja kwenye blauzi.
"Hapana. Hakulia. Ndiyo, alikuwa msichana."
Miezi mitatu baadaye, sokoni, muuza sambaza
aliyekuwa safarini, aliyechelewa kujua,
aliniongezea kiganja kizima juu ya kipimo:
"Cha mama mzazi! Mtoto anaendeleaje?"
Nikasema, "Anaendelea."
Nikazipika zile sambaza. Tulizila zote.

Tena. Huu mrefu. Unanipita
kama lori la bia linavyopanda Nyawera kwa gia ya kwanza.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Sawa. Basi kwa saa hii iwe kweli kabisa:
niujue mimi, na huyu anayebisha hodi kutoka ndani.

Nabintu atakasirika. Yuko Kamembe, ng'ambo ya Ruzizi,
na mpaka haufunguliwi kwa ajili ya tumbo la mtu.
Aniwie radhi. Hasira ya dada
huisha siku anapokabidhiwa mtoto ambebe.
Kama kuna mtoto wa kukabidhi.
Ona, nimelisema. Hata mbao zisilisikie.

Yupo mmoja.
Mama Cibalonza wa makala, nyumba ya tatu chini ya ngazi.
Mara ile ni yeye aliyemwogesha,
kwa maji ya uvuguvugu, kama mtu anayeweza kusikia baridi,
akamfunga, akanipa, akasema, "Mwangalie, ni wako,"
wakati wengine wote walikuwa wakinigeuza uso ukutani.
Tangu siku ile hajaniuliza kitu.
Ananipimia makala, anatazama tumbo, anafunga gunia.

Dakika zangu nne naziacha.
Zihindula asikie kwanza sauti nyingine,
yangu ameshaizoea.

Navaa ndala, nashuka ngazi upande upande,
mkono kwenye mbao za watu waliolala.
Kule chini, upande wa Rwanda taa zinawaka;
upande wetu, giza na mbwa mmoja.
Nabisha kwa kidole.

Anafungua kabla sijabisha mara ya pili,
tayari amejifunga kikwembe, tayari ana tochi.
Nafungua mdomo nimpe habari
na uchungu unaidaka kabla haijatoka.
Ananishika kiwiko.

"Basi," anasema. "Usiseme. Tembea."